Kamba Tunayoanikia Nguo

Gikondo, Kigali
18 Septemba 1994

Shangazi,

Kabla sijakuamkia acha niseme, maana nikianza na salamu nitajaza ukurasa mzima, halafu nitasema nafasi imekwisha. Unanijua. Kuna kitu nimefanya na sijamwambia mtu, si Mama, wala Mungu kwa sauti.

Jumanne mwanamke alibisha getini. Mwembamba, kitambaa kichwani, viatu vya kiume. Baba alikuwa kazini, na Mama alikuwa amempeleka Kaze zahanati. Aliniuliza kwa Kinyarwanda, "Hapa anakaa nani?" Nikasema, "Ni kwetu." Akauliza, "Tangu lini?" Nikasema, "Tangu zamani."

Tangu zamani, Shangazi! Tuna wiki tano humu.

Hakubisha. Alitazama juu ya bega langu mpaka uani, akaona kamba ya nguo na nepi za Kaze zinaning'inia. Akacheka kidogo, cheko la puani. "Naona bado inafanya kazi," akasema, akaondoka. Mimi nikafunga geti kwa kufuli, mchana wa saa nane.

Sasa shikamoo. Mguu unaendeleaje? Sisi wazima. Kaze ana miezi mitano na meno mawili. Mdogo wangu Eddie kifua bado kinambana usiku, ila tangu tutoke kulala kwenye ile karakana ya Frederick, rafiki yake Baba aliyetoka Uganda, kimepungua kumbana. Baba ni karani wa ghala, na kanisani wamemfanya mzee wa kanisa tayari. Mimi shuleni wanafundisha kwa Kifaransa. Nakaa nyuma, nanakili ubaoni nisichokielewa, naambiwa nina mwandiko mzuri.

Nyumba ulituuliza ikoje. Vyumba vitatu, bati zima, na uani kuna tangi la saruji lililochimbwa ardhini la kuvunia maji ya mvua. Tulipofika mlango ulikuwa wazi na ndani hapakuwa na hata kijiko. Baba aliokota mkaa jikoni akaandika jina lake, GASIMBA, getini kwa herufi kubwa, kama walivyofanya karibu wote wa mtaa huu waliorudi kutoka uhamishoni. Ndiyo hati yetu. Wanasema wenye nyumba walikufa wote kwenye mauaji ya mwaka huu. Hiyo kamba tuliikuta inaning'inia ndani ya tangi, imefungwa kwenye nondo, na imezungushiwa matambara sehemu mbili. Mama akaifua, akaitundika uani.

Jambo la pili. Tarehe 18 Desemba ni Jumapili ya Vijana, na kila kijana atafundisha juu ya kiongozi mmoja wa Biblia. Baba ameniandikisha bila kuniuliza. Nilipofika kwenye karatasi, Daudi amechukuliwa, Musa, Esta, hata Nehemia. Nitafutie mtu mdogo, Shangazi, mwenye mistari michache, niseme nikae.

Barua hii anaileta Nsengiyumva, yule dereva wa lori la maharage. Mpe jibu yeye, posta bado haijasimama vizuri.

Mtoto wako,
Umulisa

*

Kayanga, Karagwe
9 Oktoba 1994

Mwanangu Umulisa,

Marahaba. Mguu upo, ndio ulionileta mpaka mezani hapa. Nsengiyumva alikaa na barua yako siku tisa, anasema ilikuwa chini ya kiti na akaisahau. Nimempa uji na maneno, vyote vya moto.

Migomba imezaa. Bado nafua vitambaa vya kanisa kila Ijumaa. Huku watu wanaingia kutoka kwenu kila siku, magodoro kichwani, wanapita hapa kwenda kambini. Wanaomba maji, nawapa. Siwaulizi walikotoka walifanya nini. Ningeuliza, nisingeweza kuwapa.

Mwambie mama yako Eddie apakwe mafuta ya mawese ya moto kifuani, siyo vile vidonge vya kwenye karatasi.

Mtu wako nimempata. Soma Yeremia thelathini na nane, kuanzia mstari wa saba. Anaitwa Ebedmeleki, na hata hilo si jina hasa, maana yake ni mtumishi wa mfalme tu. Mkushi, mgeni, anafanya kazi ya ndani ya nyumba ya mfalme. Wakubwa wamemtupa nabii Yeremia shimoni, ndani ni matope, afe taratibu. Mji mzima unajua. Huyu mtumishi anakwenda kwa mfalme, anamwambia kwa maneno machache: watu hawa wamefanya vibaya, yule atakufa kwa njaa. Basi. Anapewa watu thelathini wa kwenda kumtoa.

Sasa nisikilize hapa. Ana ruhusa, ana watu, ana kamba. Mwingine angekimbia moja kwa moja shimoni, aonekane. Yeye anapita kwanza stoo, anaokota nguo zilizochakaa, anamteremshia nabii na kumwambia aziweke kwapani, chini ya kamba, ndipo wavute. Miaka mingi nimefundisha watoto wa Jumapili hadithi hii, na bado huwa nanyamaza kidogo hapo stoo. Maana mtu aliyekonda ukimvuta kwa kamba tupu, unamwokoa na kumchuna. Ebedmeleki alifikiria makwapa. Wanasema kiongozi ni wa kwenda mbele. Huyu alichelewa kidogo kwa sababu ya ngozi ya mtu mwingine.

Una miezi miwili, yasome mpaka yakuzoee.

Na hiyo kamba yenu. Matambara yamefungwa sehemu mbili, umesema. Umbali gani kati ya moja na jingine? Pima. Usinijibu kwa kukisia, pima.

Yule mama aliyekuja getini, ulimpa maji?

Shangazi yako,
Winifred

*

Gikondo
30 Oktoba 1994

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Mafuta ya mawese yamemsaidia Eddie, ila shuka zote sasa ni za rangi ya machungwa na Mama anakutaja kila anapofua. Kaze ameanza kukaa. Baba amenunua meza. Kila jioni anaweka kigoda getini, anaamkiana na wapita njia, anaonekana kama mtu aliyezaliwa hapa.

Sikumpa maji. Sikuyafikiria.

Nilipima. Nilingoja Mama aende sokoni, nikaishusha kamba na kuanza kupima kwa shubiri, halafu nikaona ujinga, nikaizungusha mgongoni na kuifunga kifuani. Shangazi, matambara yalikuja yakakaa kwapani. Yote mawili. Kama nimeshonewa. Nilikaa chini uani na nguo mbichi zikiwa zimenizunguka, sikuweza kuifungua kamba.

Nikaenda kufunua tangi. Tulikuwa tunateka maji juu juu, hatujawahi kumulika. Chini, pembeni, kuna tofali lililosimamishwa, na juu yake kikombe cha bati.

Matambara ni ya kitenge cha kijani chenye ndege weusi, na kitenge hicho nakijua. Yule mama anayeuza mkaa jirani yetu, Xavérine, anafunikia kapu lake kwa kipande kilichobaki. Nilikwenda kununua mkaa. Nikasimama pale hata watu wawili wakanipita. Unajua ninavyokuwa. Mwishoni nikanyoosha kidole kwenye kapu, nikasema, "Mama, kitenge hiki kingine kiko kwetu."

Akanitazama mpaka nikatazama chini. Halafu akasema kwa Kiswahili cha hapa, maana anajua Kinyarwanda changu ni cha kubabaisha, "Basi wewe iko na macho. Baba yako iko na mdomo tu."

Ndiye aliyemtoa tangini. Yule mwanamke aliyekuja getini anaitwa Donatille, fundi cherehani, nyumba aliijenga yeye na mumewe. Mumewe na watoto hawapo. Xavérine alimficha ndani ya tangi mwezi wa nne, akafunika kwa bati na magunia ya mkaa, akamteremshia uji kwa kikombe. Halafu mvua kubwa zikaja, maji yakapanda mpaka hapa, akanionyesha kifua. Xavérine na mwanawe wakamvuta. "Siku ya kwanza nilimvuta na kamba tupu, akalia. Kulia kule kungetuua wote. Nikamrudisha. Nikachana sketi yangu."

Nikamuuliza, "Mbona hukumwambia Baba kwamba mwenye nyumba yupo?"

"Aliniuliza? Aliokota mkaa wangu mwenyewe uliobaki jikoni akaandika." Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Mtoto, miye nikisema nyumba iko ya nani, wataniuliza miye niko nani, na mbona miye hawakuniua."

Donatille anakaa kwa binamu yake, Busanza, watu kumi na mmoja chumba kimoja.

Sasa naona kila kitu humu ni chake. Ijumaa Frederick alikuja na soda, akamwambia Baba, "Gasimba, siku mwenye nyumba akitokea, mdai fedha ya ulinzi!" Baba akacheka mpaka akakohoa. "Akitoka wapi? Labda afufuke." Mimi nilikuwa nawatilia karanga. Nikamwaga.

Nikisema, tunarudi karakana ya Frederick, juu ya saruji yenye oili, na kifua cha Eddie, na Kaze. Nisiposema, namuona yule mama kila nikianika nguo. Ebedmeleki hakuwa na mdogo wake mwenye kifua.

Na wewe? Baba anasema mliacha nyumba huku mwaka sitini na moja. Iko wapi? Mbona hutaki hata kuja kuiona? Nimekuuliza mara mbili kwenye barua za zamani na mara zote mbili ulinijibu habari za migomba.

Umulisa

*

Kayanga
27 Novemba 1994

Umulisa mwanangu,

Nimechelewa. Lori lilizuiwa mpakani Rusumo wiki mbili, na hata lingekuwa hapa mlangoni nisingekuwa na barua ya kumpa dereva. Niliandika tatu nikawashia moto.

Wote huku wanakusalimu. Ng'ombe wa jirani ameingia shambani akala mahindi. Mguu ni uleule.

Nyumba yetu ilikuwa na mlango wa kijani. Mahali sipataji, usiniulize tena.

Lakini hili nitakwambia, na baba yako asilijue, maana anawaambia watu makanisani kwamba dada yake tangu avuke mto hakugeuka nyuma. Niligeuka. Mwaka sitini na nne nilivuka na wanawake waliokuwa wakipeleka chumvi. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilibisha mlango wa kijani. Akafungua msichana wa miaka sita au saba, jino la mbele halipo. Nikamuuliza hapa ni kwa nani. Akasema, "Ni kwetu."

Nyuma yake niliuona mtungi wa mama yangu. Nilikuwa na kiu, nimetembea siku mbili. Niliona haya kuomba maji kwenye mtungi wa mama yangu. Nikarudi.

Sikumchukia yule mtoto. Alisema alivyofundishwa. Ila nilimngoja akue. Kila mwaka nilikuwa nahesabu: sasa ana kumi, sasa ana kumi na sita, sasa ana akili, labda atauliza mtungi huu ni wa nani. Sasa atakuwa na zaidi ya thelathini na tano. Huenda ni mmoja wa hawa wanaopita hapa na magodoro. Ninapowapa maji huwa nawatazama meno. Ujinga, yalishaota siku nyingi.

Basi umeniandikia wewe, na kwa mara ya kwanza najua yule mtoto alifunga mlango akaenda kufanya nini.

Sitamwandikia baba yako. Nikiandika mimi atasema dada mkubwa ameanza kuamrisha, atapata la kubishia. Likitoka kwako hatakuwa na la kubishia, atakuwa na hasira tu, na hasira huisha. Usilipeleke kanisani kwanza. Ebedmeleki alimfuata mfalme alipokuwa ameketi langoni, mchana, akasema yaliyotokea, akanyamaza. Hakumtukana. Mfalme yule hakuwa mbaya sana, alikuwa mwoga wa watu wake. Baba yako namjua tangu nikimbeba mgongoni, naye si mbaya.

Habari ya Eddie imeninyima usingizi. Mwanamke aliyekaa ndani ya tangi anajua kifua kinavyobana. Sikuahidi kitu. Nasema tu mwendee na yeye pia, umpe maji.

Ukiogopa, soma sura inayofuata, karibu na mwisho. Mungu anamtumia Ebedmeleki ujumbe kwamba hatatiwa mikononi mwa watu anaowaogopa. Umeona? Kumbe siku zote alikuwa anaogopa. Kwenye hadithi hakuna mahali panapomwonyesha akitetemeka, Mungu ndiye aliyetoa siri yake. Na kama hutaweza, mwanangu, usijichukie. Nami sikuweza kuomba maji.

Winifred

*

Gikondo
18 Desemba 1994, Jumapili, alasiri

Shangazi yangu,

Shikamoo. Eddie mzima, Kaze anatambaa na ameshakula mkaa.

Jumatano nilitoroka shule nikaenda Busanza na Xavérine. Donatille alikuwa anashona kwa mkono, cherehani hana. Nilikuwa nimebeba maji kwenye chupa, nimeyachemsha na kuyapoza, nikampa mlangoni kabla ya salamu, kama kichaa. Akanywa yote. Akasema, "Wewe ni yule wa tangu zamani." Nikasema ndiyo. Nikamwambia nitasema na Baba. Akanitazama, akasema, "Sitaki mtoto mchanga alale nje kwa ajili yangu. Nataka mlango wangu." Mengine hatukuzungumza. Alinishonea kifungo cha sare kilicholegea, nikiwa nimesimama.

Jana saa kumi Baba alikuwa kwenye kigoda chake getini, viatu amevipaka rangi kwa ajili ya leo. Nilishusha kamba uani. Nilitembea kutoka uani mpaka getini, hatua ishirini na moja, nikaiweka mapajani mwake.

"Nini hii?"

"Baba, mwenye nyumba yupo hai. Alikuja mwezi wa tisa, mimi nikamwambia ni kwetu. Alikaa ndani ya tangi. Alivutwa kwa hii. Anaitwa Donatille, yuko Busanza."

Nikanyamaza. Watu walikuwa wanapita, Shangazi.

"Nani kakufundisha kusema hivi?"

"Hakuna."

"Nyumba ilikuwa wazi! Niliiba mimi? Nilivunja mlango?" Aliinuka, kamba ikaanguka. "Miaka thelathini na tatu nimelala kwenye ardhi ya watu. Thelathini na tatu! Leo nina mlango, mwanangu mwenyewe ananitolea kamba!"

Nilikuwa nimemaliza maneno yangu yote. Niliinama nikaiokota, nikaifunga kama nilivyoifunga siku ile, matambara yakakaa kwapani, nikasimama mbele yake hivyo. Sikupanga. Nilitaka aone yanapokaa. Alitazama upande mmoja, akatazama wa pili. Akakaa tena kwenye kigoda, bila kuangalia kama kipo.

Akasema, kwa sauti ya chini, "Kesho hutafundisha."

Kwa hiyo sikufundisha. Kanisani yule kijana wa Nehemia alipewa na nafasi yangu, akarefusha mpaka watoto wakalala. Mtu wako hakutajwa, Shangazi. Karatasi yangu ilikuwa mfukoni, mistari yote saba. Baba alikaa kiti cha wazee, ameinamisha kichwa, na mara nyingi alikuwa anapitisha vidole chini ya kwapa la koti lake, kama linambana. Nadhani hakujua.

Tulirudi kwa miguu. Frederick akatukuta njiani, akapiga kelele, "Gasimba! Mbona kama mmetoka kwenye msiba?" Baba akamvuta pembeni. Nilisikia tu Frederick akisema, "Acha utani," kisha, "Chumba cha nyuma cha karakana nitakipaka chokaa, nitatoa oili, lakini nipe siku tatu." Mama akasikia pia. Akampachika Kaze upande wa pili wa kiuno, akasema bila kumwambia mtu, "Basi hata kamba nitaiacha. Nitaanika juu ya magari."

Sijui kama alicheka.

Sasa naandika chumbani. Dirishani naliona geti kwa ndani, na chini yake naona miguu ya Baba iliyo upande wa nje. Amesimama pale muda. Ameita, "Mama Umulisa, una kitambaa chochote? Kilichochakaa tu." Mama amempelekea na ndoo ya maji, hakuuliza cha nini.

Nasikia anasugua. Mkaa hautoki upesi, umekaa tangu mwezi wa nane. Maji meusi yanapita chini ya geti, yanaingia ndani, yanafuata mfereji mpaka kwenye mdomo wa tangi. Eddie anayaruka. Xavérine amesimama ng'ambo, nasikia sauti yake: "Mzee, ongeza mchanga. Na sabuni." Baba amesema, "Asante, mama." Hajawahi kumwita mama.

Ameacha kusugua. Ndoo imewekwa chini. Viatu vyake vya kanisani, vinalia kwa kulowa, vinavuka ua, havijaenda jikoni, vinakuja upande huu. Labda anataka nimwandikie Donatille, mimi ndiye mwenye mwandiko. Lakini barua yako ya mlango wa kijani iko hapa mbele yangu, na ulisema asijue. Naiweka chini ya god—